Rishiram Alikwisha Kufa

Kengele ya mlango ililia Jumamosi asubuhi, Kopila akiwa anapiga pasi sari nyekundu ambayo angeivaa Alhamisi kwenye ukumbi wa manispaa, watakapoapishwa kuwa raia. Alidhani ni Bibi Glenys wa ofisi ya manispaa, ambaye wiki nzima alikuwa akipiga simu kuuliza kama yeye, mumewe na binti yao wanakula nyama kwenye mkate. Alipofungua, akamkuta mzee mwembamba mwenye koti la suti na kofia ya kitambaa cha maua ya kwao Nepali, ameshika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili.

Mji wote wa Tarrawell ulikuwa na Wanepali watatu tu, na wote waliishi katika nyumba hiyo. Kopila alishikwa na furaha kabla hajajua mgeni ni nani.

"Shikamoo, baba," alisema kwa lugha ya kwao, akiunganisha viganja.

"Marahaba, binti yangu. Nimetoka Sydney kwa mwanangu. Saa tisa ndani ya basi, miguu si yangu tena. Hapa ndipo kwa Gokarna?"

"Hapana, baba. Hapa ni kwa Daktari Dhungel."

"Ndiye huyo huyo! Gokarna Dhungel, kitindamimba wa Devimaya. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma."

"Devimaya ni mama mkwe wangu, lakini labda umechanganya watoto, baba. Mume wangu anaitwa..." Kopila akanyamaza. Alilelewa katika nyumba ambayo mke hatamki jina la mumewe, na kwa miaka kumi na sita ya ndoa jina hilo halikuwahi kumtoka kinywani. Alimwita Baba Pragya, hata mbele ya wauguzi wa kliniki. Akaichukua kadi ya mwaliko iliyokuwa juu ya meza ya pasi, yenye majina ya wino wa dhahabu, akampa. "Soma mwenyewe."

Mzee akavaa miwani. Alisoma polepole, kisha akacheka kama mtu aliyekutana na kitu chake cha zamani.

"Rishiram! Kumbe bado analitumia mpaka huku." Akamrudishia kadi. "Lakini Rishiram alikwisha kufa, binti yangu. Alikufa mwaka wa mafuriko. Mimi mwenyewe nilibeba machela mpaka mtoni."

* * *

Aliitwa Mwalimu Tikaram. Kopila alimkaribisha, akamwekea chai ya maziwa na biskuti, akakaa mbele yake mikono ikiwa mapajani. Hakujua aanze kuuliza wapi. Mzee hakuhitaji kuulizwa. Alisimulia kwa fahari, kama mtu aliyesafiri saa tisa kuja kuona mti alioupanda mwenyewe.

Kijiji chao kilikuwa kimepata nafasi moja tu ya mtoto kusomeshwa bure katika shule ya bweni ya wilaya. Rishiram, mwenye miaka kumi na mitatu, akashinda. Cheti kikaja, jina likaandikwa katika daftari la wilaya. Siku kumi na mbili kabla ya kuondoka, mtoto akashikwa na kuhara, na daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Hakufika kwa daktari yeyote.

"Nafasi ingekwenda kijiji kingine," mzee alisema, akichovya biskuti. "Na mdogo wake yupo pale, ana miaka kumi, masomo yote ya kaka yake kayashika kwa kumsikiliza tu akisoma. Hakuwa ameandikishwa popote. Nikamwambia baba yao: huyu apande basi, aitike jina la yule. Baba yao akalia, akakubali. Leo ni daktari wa Wazungu! Nilikosea?"

Pragya, binti wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amesimama mlangoni, kifaa cha muziki kikining'inia kwenye sikio moja.

"Kwa hiyo Baba ana miaka arobaini na mitatu?" aliuliza. "Si tulimwekea mishumaa arobaini na sita!"

"Nenda chumbani," Kopila akamwambia.

"Lakini, Mama, ina maana sisi—"

"Chumbani!"

Mzee aliangalia chai yake. Ndipo alipoanza kuhisi kwamba habari aliyoileta ilikuwa mpya katika nyumba hii.

* * *

Daktari alirudi kutoka zamu ya hospitali saa saba mchana. Alipomwona mzee kwenye kochi aliangusha mkoba, akapiga magoti, akagusa miguu yake kwa paji la uso. Alipoinua kichwa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Kisha akauona uso wa mkewe, na kicheko kikakatika.

Walizungumza nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, mzee akiwa amelala kidogo chumba cha wageni.

"Mimi ni nani wako?" Kopila aliuliza. "Nimekuzalia mtoto. Nimekufulia, nimekupikia, nimesafisha vyoo vya wazee wa mji huu ili ulipie mitihani yako. Na jina nililoliheshimu mpaka nikaogopa kulitaja, kumbe ni la maiti!"

"Nilikuwa na miaka kumi, Kopila. Mtoto hapewi nafasi ya kuamua. Asubuhi moja kule bwenini mwalimu mgeni akaita, 'Rishiram Dhungel!' Nikaangalia nyuma, nikadhani kaka yangu amekuja. Halafu nikakumbuka. Nikaitika, 'Nipo.' Nimekuwa nikiitika hivyo mpaka leo."

"Una miaka arobaini na mitatu sasa. Fomu ya uraia uliijaza mwaka jana, si ulipokuwa na kumi."

Wote wawili walikuwa wanaikumbuka jioni ile. Kopila alikuwa anamsomea maswali kwa sauti, yeye anajaza. *Je, umewahi kujulikana kwa jina lingine lolote?* Mumewe alikuwa ameinuka, akaenda jikoni kunywa maji, akakaa huko kitambo. Aliporudi akaweka alama kwenye *Hapana*, na Kopila akasoma swali lililofuata.

"Alhamisi imebaki siku tano tu," alisema mumewe. "Tuimalize kwanza Alhamisi."

Kopila akaitoa fulana kwenye kamba ingawa ilikuwa bado mbichi.

* * *

Mwalimu Tikaram hakuja kutembea tu. Aliisema haja yake siku ya pili, Jumapili, kwenye kituo cha basi, na hakuisema kwa daktari. Daktari alikuwa ameenda kukata tiketi. Mzee alimshika Kopila kiganja.

"Mkwe wangu, jana nilikuvunjia nyumba bila kujua. Nisamehe."

"Hukuvunja wewe, Mwalimu."

"Sikiliza basi. Devimaya amenituma. Ana miaka sabini na tisa, na kifua chake si cha kumaliza baridi nyingine. Yule mtoto tulipouchoma mwili wake mtoni, tulimkataza mama yake asilie kwa jina. Wakaguzi wa wilaya wangesikia. Na kila mwaka, majira haya ya kuwalisha wafu, nyumba yao inaita jina la babu, la bibi, la baba yao. La Rishiram haliitwi. Atalishwaje marehemu ambaye kwenye karatasi yu hai? Miaka thelathini na mitatu mtoto yule hajapewa hata tonge."

Kopila aliangalia dirisha la tiketi.

"Kwa hesabu ya mwezi, siku yake ni Jumatano hii," mzee aliendelea. "Ndugu wa kiume ndiye wa kutoa tonge. Mimi nitasoma dua kwenye simu nikiwa Sydney, mama yake atakuwa kwenye simu kule nyumbani. Anachotaka ni kusikia jina likiitwa. Mumeo nikimwambia ataniitikia ndiyo, halafu itakuwa kazi, itakuwa wagonjwa. Niahidi wewe."

"Jumatano?" Kopila alisema. "Mwalimu, Alhamisi anaapa kwa jina hilo hilo."

"Najua."

Basi lilikuwa limewashwa. Daktari alikuwa anakuja na tiketi mkononi, anajaribu kutabasamu. Kopila alihisi vidole vya mzee, vikavu na vyepesi, vikimng'ang'ania.

"Nakuahidi," alisema, hasa kwa sababu basi lilikuwa linaondoka.

* * *

Wakili Farrugia alitoza dola mia nne kwa saa, na saa ilianza kuhesabiwa alipowasalimia. Walimwona kwenye kioo cha kompyuta Jumatatu, ameketi mbele ya rafu ya majalada. Daktari alisimulia yote bila kujitetea. Wakili aliacha kuandika.

"Nimefanya kazi hii miaka ishirini," alisema hatimaye. "Nimeona waliozidisha umri, waliopunguza umri, walioolewa na binamu zao kwenye karatasi. Hii sijaiona." Akapitisha mkono usoni. "Daktari, ulikuwa mtoto, hakuna atakayekulaumu kwa hilo. Shida ni fomu. Kuna ya visa, ya baraza la madaktari, na hii ya uraia. Mara tatu umeulizwa, mara tatu umesema hapana."

"Nikisema sasa?"

"Watakutoa kwenye orodha ya Alhamisi. Wataanza kuchunguza wewe ni nani. Mwaka mmoja, labda zaidi. Baraza la madaktari lazima liarifiwe, na kliniki haitakuacha uguse mgonjwa mpaka lijibu. Na visa za mkeo na binti yako zimetokana na yako. Ikitikisika yako, zote zinatikisika."

"Na nisiposema?" daktari aliuliza.

"Hilo mimi siwezi kukushauri." Wakili aliiangalia saa yake, na kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya. "Naweza kukwambia tu kwamba mpaka Ijumaa iliyopita hakuna aliyekuwa anauliza."

Kompyuta ilipozimwa, Kopila ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, na alijisikia akisema maneno ambayo asingeamini Jumamosi.

"Nyamaza, Baba Pragya. Nyamaza mpaka Alhamisi ipite. Miaka tisa! Mtihani wa Kiingereza umeufanya mara mbili, kana kwamba hao wagonjwa wako unawatibu kwa ishara. Kwa mtihani wa udaktari tumeuza mikufu yangu. Tumekaa mwaka mzima katika chumba kimoja na familia ya yule fundi bomba. Sasa mlango umefunguliwa, na wewe unataka kurudi nje ukapige hodi upya?"

"Si wewe uliyesema ni jina la maiti?"

"Nilisema. Na bado nina hasira na wewe. Lakini Pragya hana kosa."

Daktari alikuwa anaichezea kamba ya kifaa chake cha kupimia mapigo ya moyo. "Juzi Mwalimu aliponiita Gokarna," alisema, "niligeuka upesi kuliko ninavyogeuka kwa jina lolote. Unajua nilihisi nini? Njaa. Kama mtu aliyesikia anaitwa kula. Alhamisi watanisimamisha, watasema, rudia baada yangu, mimi Rishiram Dhungel. Nimeirudia kichwani tangu Jumamosi. Haitoki, Kopila. Nikifika kwenye jina, namwona juu ya machela, miguu yake imefunikwa na magunia. Nitasimama pale mbele ya meya mdomo wazi."

Kopila hakumwambia ahadi aliyoitoa kituoni. Aliogopa kwamba akiitaja, uzani wote utalala upande mmoja.

Barua ya kukiri yote ilikwenda Jumanne saa nne asubuhi, kurasa mbili, kwa kupitia wakili. Daktari aliisaini kwa jina la Rishiram, kwa sababu hakuwa na saini nyingine, kisha chini yake, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la nne, akaandika GOKARNA.

* * *

Hawakuamini jinsi mambo yanavyoweza kwenda haraka yakiwa yanaharibika. Visa yao ilichukua miezi ishirini na mbili. Kuondolewa kwenye orodha kulichukua siku moja.

Jumatano saa mbili asubuhi Bibi Glenys alipiga simu. Kopila ndiye aliyepokea.

"Mpenzi," alisema Glenys, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea karibu na kitanda cha mgonjwa, "nimepata barua pepe kutoka makao makuu. Wananiambia nitoe kadi zenu. Nimewaambia mmekosea, huyu ndiye daktari wetu, alimshona mume wangu kidole. Hawasikii. Kuna nini?"

"Ni mambo ya karatasi, Glenys."

"Ah, basi yatanyooka." Akasita. "Samahani kukuuliza. Kuna ile miche mitatu. Kila raia mpya anapewa mche wa kupanda, nimekwisha kuifunga utepe na majina yenu. Niifanyeje? Nimwagilie tu?"

"Mwagilia," Kopila alisema. "Asante."

Hakuwa bado ameiweka simu chini, meneja wa kliniki, Craig, akaegesha pikapu yake mbele ya nyumba. Alikataa kuingia. Alisimama kibarazani, anakunja na kukunjua kofia.

"Si mimi, rafiki yangu, ni bima," alimwambia daktari. "Mpaka baraza liseme. Bila mshahara, inabidi. Na ule ufunguo wa kabati la dawa, kama hutajali."

Daktari akautoa kwenye mnyororo. Haukutoka kirahisi, ikabidi aung'ang'anie kwa kucha huku Craig akiangalia upande wa barabara.

"Bibi Hartnett ana miadi saa tano," daktari alisema. "Shinikizo lake lipimwe mikono yote miwili. Anadanganya kuhusu chumvi."

"Nitawaambia."

"Na mtoto wa Okafor—"

"Daktari," Craig alisema kwa upole, "acha."

Mlango ulipofungwa, mumewe aliketi kwenye kiti cha kuvalia viatu, akabaki hapo. Kopila alisimama jikoni. Zamu yake nyumba ya wazee ilikuwa inaanza saa nne. Tangu dakika ile iliyopita, kazi yake ya saa kwa saa ndiyo iliyokuwa fedha yote ya nyumba, na msimamizi wake, Donna, alikuwa ameshamwambia kwamba anayekosa zamu bila taarifa ya siku moja jina lake linashuka chini kabisa ya orodha. Walio chini ya orodha huitwa wengine wakiugua.

Mzee angeelewa. Angeweza kumpigia, aseme, Mwalimu, leo tumepigwa, tusamehe, mwakani. Aliishika simu. Alipiga, lakini si kwa Mwalimu.

"Donna, leo siji."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kuna mazishi."

"Ya nani? Pole. Ya ndugu?"

"Shemeji yangu."

"Jamani. Amefariki lini?"

"Kitambo," alisema.

"Kopila, kama ni kitambo, si ungesema jana? Nina vitanda kumi na vinane. Unajua nitalazimika kukushusha."

"Nishushe," Kopila alisema.

Akatoa unga wa shayiri alioununua Jumatatu kwenye rafu ya vyakula vya afya, kifuko kidogo kwa dola tisa, pamoja na ufuta mweusi na asali. Alikuwa ameununua akijidanganya kwamba ni wa uji. Akaenda mpaka mbele ya kiti cha viatu.

"Inuka uoge," alisema. "Nilimwahidi Mwalimu."

"Uliahidi nini?"

Alimwambia. Mumewe alimwangalia kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kama mgonjwa aliyeambiwa jina la maradhi yake. Kisha akainuka akaoga.

* * *

Walishuka mtoni chini ya daraja la treni, mahali ambapo ukingo ni wa mchanga. Pragya hakwenda shule, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Daktari alivaa shuka jeupe kiunoni, kifua wazi, ngozi imesisimka kwa upepo. Alitafuta majani marefu ya mtoni badala ya majani matakatifu ya kwao, akakanda unga kwa asali na ufuta, akafinyanga matonge. Lile la kwanza lilipasuka. Kopila akamwongezea maji kwa kiganja.

Simu mbili zilikuwa wazi. Kwenye ya Pragya, Mwalimu Tikaram alikuwa anasoma dua, sauti yake inakuja na kupotea. Kwenye ya Kopila hakukusikika kitu ila pumzi ya kikongwe, na mara moja kuku.

Mtu akatokea kwenye njia ya juu na mbwa wake. Alikuwa Bruce, dereva mstaafu wa trekta, mgonjwa wa sukari.

"Hawali mkate huo, Daktari!" akapaza sauti. "Samaki wa mto huu wanataka minyoo!"

Pragya alicheka, akajiziba mdomo. Daktari aligeuka, tonge mkononi. Asingeweza kujificha popote. Kesho mji wote ungekuwa ukumbini ukiuliza yuko wapi, na huyu angejua la kusema.

"Si samaki, Bruce," alisema. "Namzika kaka yangu."

Bruce aliivuta kamba ya mbwa karibu na mguu wake, akabaki amesimama.

"Sasa," Mwalimu alisema kwenye simu. "Taja ukoo. Kisha mtaje yeye."

Daktari aliinama juu ya maji. Ukoo aliutaja vizuri. Kisha Kopila aliona mbavu zake zikipanda na kushuka.

"Rishiram," alisema, chini kabisa. "Kaka yangu Rishiram. Aliyekufa."

Tonge likaingia majini. Kwenye simu ya Kopila, pumzi ilikatika. Kwa muda hapakuwa na kitu, hata kuku, na Kopila alidhani mtandao umepotea. Halafu sauti ya kikongwe ikaja, kavu, karibu sana.

"Gokarna. Sikusikia. Sema tena, mwanangu, kwa sauti."

Bruce alikuwa bado yupo pale juu. Kopila alipiga hatua mbili ndani ya maji baridi na viatu vyake vya kazini, akaisogeza simu mpaka mdomoni mwa mumewe, naye akarudia kwa sauti.